Unga wa upupu kwa mzee mwenye Parkinson: je, unaweza kuchukua nafasi ya vidonge?

MwanaWaKibosho

Ndugu wanajukwaa, wakubwa shikamooni, na wengine nawasalimu.

Baba yangu ana umri wa miaka 71, ni mwalimu mstaafu, na tangu mwaka 2019 anaishi na ugonjwa wa Parkinson. Ulianza kwa mkono wa kulia kutetemeka akiwa ametulia. Baadaye mwandiko wake, ambao zamani ulisifiwa shule nzima, ukasinyaa hadi herufi zikawa kama punje za ulezi. Daktari alimwandikia vidonge vyenye levodopa na kabidopa, kimoja asubuhi, kimoja mchana na kimoja jioni, na vinamsaidia. Shida yetu ni kwamba kuna majuma ambayo havipatikani katika maduka ya dawa ya huku kwetu, na vikipatikana bei inakuwa imepanda.

Mwezi uliopita jirani alimletea kopo la unga wa mbegu za upupu, huu huu tuliokuwa tukimwagiana shuleni, akamwelekeza achanganye kijiko kimoja cha chakula kwenye uji asubuhi na kimoja jioni. Baba aliunywa siku mbili bila kuacha vidonge. Siku ya kwanza mkono ulitulia kwa saa kadhaa, akainua kikombe cha chai kwa mkono mmoja, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu. Siku ya pili alitapika, na alipoinuka kitini akapepesuka nusura aanguke. Usiku shingo na mabega vilikuwa vikijinyonganyonga bila yeye kutaka.

Aliyeuza unga huo anasema kilichomo ndani ya upupu ndicho kilichomo ndani ya kidonge, na kwamba kama Wachina walivyotoa dawa ya malaria kwenye pakanga wakapewa Tuzo ya Nobel, nasi tusione haya kutumia mimea yetu. Naomba kuelezwa na wenye ujuzi. Je, maneno hayo yana ukweli wowote, na je, unga huu unaweza kushika nafasi ya vidonge pale vinapokosekana?

---

MfamasiaWaZamu

Pole kwa kuuguza, ndugu yangu, na umfikishie mzee shikamoo yangu.

Kuhusu kilichomo, muuzaji amesema kweli. Mbegu za upupu zina levodopa yenyewe, mara nyingi kati ya asilimia 4 na 6 ya uzito wake, ingawa kiasi hicho hupanda na kushuka kutegemea aina ya mbegu, udongo na namna zilivyokaangwa. Kwa hiyo mkono wa mzee haukutulia kwa imani tu. Mgonjwa wa Parkinson anapoteza seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo wa mwili, na dopamini ukiimeza haipiti ukuta ulio kati ya damu na ubongo. Levodopa hupita, kisha ikageuzwa kuwa dopamini humo humo ndani.

Shida iko njiani. Mwili una kimeng'enya kinachoigeuza levodopa kuwa dopamini mapema, ikiwa bado tumboni na kwenye damu, na dopamini inayobaki nje ya ubongo ndiyo inayoleta kichefuchefu na kushusha shinikizo la damu. Mtu akimeza levodopa peke yake, ni sehemu ndogo mno inayofika kichwani. Ndiyo maana kidonge cha baba kina kabidopa, ambayo kazi yake ni kukizuia kimeng'enya hicho huko nje, na kwa msaada wake dozi ya levodopa hupunguzwa hadi kubaki kama robo tu ya ile ambayo ingehitajika.

Sasa tupige hesabu ya kijiko. Kijiko cha chakula kilichojaa kinaweza kubeba gramu 10 za unga, yaani kati ya miligramu 400 na 600 za levodopa iwapo mbegu ni za kawaida, wakati kidonge kimoja kinachotumika sana kina miligramu 250. Kama mzee angekunywa unga peke yake, sehemu kubwa ingeharibika njiani. Lakini yeye aliunywa juu ya vidonge, na kabidopa haichagui levodopa ya kulinda: ililinda ile ya kidonge na ile ya upupu pia. Bila kujua, mlimwongezea dozi mara mbili au zaidi. Kutapika, kupepesuka anapoinuka na viungo kujinyonganyonga ni dalili tunazozifahamu za levodopa iliyozidi.

Upupu umewahi kujaribiwa kwa utaratibu wa kisayansi. Watafiti waliofanya kazi Bolivia, ambako wagonjwa wengi hawawezi kumudu vidonge, walichapisha mwaka 2017 majibu ya wagonjwa 18 waliopewa unga wa mbegu zilizokaangwa, dozi ikipimwa kwa uzito wa mwili, na ulifanya kazi vizuri kwa saa zile walizopimwa. Mwaka uliofuata yalitoka majibu ya jaribio la majuma 16 lenye wagonjwa 14. Nusu yao walishindwa kuendelea na unga, wanne kwa sababu ya tumbo na watatu kwa sababu hali yao ya kutembea na kujimudu ilizidi kuharibika. Kwangu mimi jaribio hilo la pili ndilo lenye uzito, kwa kuwa Parkinson haiuguliwi kwa siku mbili.

Jambo la mwisho, na hili ni la haraka: msiache vidonge ghafla ili kujaribu unga. Levodopa ikikatwa kwa ghafla mwili unaweza kukakamaa na homa ikapanda hadi kuhatarisha maisha. Na akitapika tena, msimnunulie dawa yoyote ya kichefuchefu bila kusema kwamba ana Parkinson, kwa maana metoklopramidi, ambayo hutolewa kwa wepesi sana, huzuia dopamini na kuuzidisha ugonjwa.

---

BintiPwani

Nimesoma kwa makini, na nashukuru kwa hesabu ya kijiko, lakini naomba nisimame upande wa pili kidogo. Ni rahisi kumwambia mtu "usiache vidonge" ilhali vidonge vyenyewe havipo dukani. Wazee wetu waliishi na mimea hii kabla ya maduka ya dawa, na kila mara tunapoambiwa mmea fulani hauna maana, baada ya miaka tunasikia umegeuzwa kidonge na unauzwa kwetu kwa bei ya ughaibuni.

Mama yangu, hapa Kilifi, ana kichaka cha pakanga nyuma ya jiko. Mwaka jana mtoto wa dada yangu alipopatwa na malaria alipewa chai ya majani hayo, na homa ilishuka siku ya pili. Nakiri kwamba ilirudi juma la tatu na tukaenda naye zahanati, lakini ilishuka. Je, hilo nalo tulipuuze?

---

MkemiaWaMimea

Dada BintiPwani, halipuuzwi hata kidogo. Kushuka kwa homa na kurudi kwake juma la tatu ni kisa kimoja.

Kwanza tutenganishe majina, kwa sababu neno pakanga limebeba mimea zaidi ya mmoja. Upo ule wa asili wa nyanda zetu za juu, mchungu kama jina lake lilivyotumika katika Kitabu cha Ufunuo, na huo una artemisinini, ile kemikali inayoua vimelea vya malaria, kidogo mno au hauna kabisa. Upo pia ule wa Kichina, ambao siku hizi hulimwa Tanzania na Kenya kwa ajili ya viwanda, na huo ndio wenye artemisinini.

Habari ya Nobel ni ya kweli, ila inasimuliwa nusu. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri uliopewa namba 523 wa kutafuta dawa ya malaria. Tu Youyou, aliyeongoza kundi moja la utafiti huo kuanzia mwaka 1969, alipekua vitabu vya tiba za kale na kukusanya mamia ya mapishi. Pakanga ilionyesha dalili njema mwanzoni, kisha ikashindwa jaribio baada ya jaribio, hadi aliporudi kwenye andiko la Ge Hong la karne ya 4, lililoagiza majani yalowekwe majini, yakamuliwe na maji yake yanywewe. Hakuna mahali andiko hilo liliposema majani yachemshwe. Akatambua kwamba huenda joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, na mwezi Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikaua vimelea vyote kwa panya. Kabla ya kuwapa wagonjwa, alimeza dawa hiyo yeye mwenyewe. Tuzo ilikuja mwaka 2015. Hapo utaona kwamba andiko la kale liliheshimiwa neno kwa neno, na bado maabara ilikuwa na kazi kubwa ya kufanya.

Turudi kwa mtoto wa dada yako. Artemisinini huua vimelea kwa kasi, lakini baada ya saa chache tu inakuwa imetoka mwilini. Wachache wanaobaki hai huzaliana upya kimya kimya, na baada ya majuma mawili au matatu homa inarudi. Ndiyo sababu dawa tunayoiita mseto inaitwa mseto: ndani yake mna artemetha, iliyotokana na artemisinini, ikifuatana na lumefantrini, ambayo hukaa mwilini siku nyingi na kuwamalizia waliosalia. Chai ya majani haina mwenza huyo, na kiasi chake cha artemisinini hakijulikani kikombe hadi kikombe. Shirika la Afya Duniani linapinga matumizi ya majani hayo kwa sababu hizo, na kwa hofu ya kuwazoesha vimelea dozi ndogo ndogo. Hofu hiyo si ya kinadharia, kwani usugu usio kamili dhidi ya artemisinini umekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda na kwetu Kagera.

Kwa kuwa mada imegusa ubongo, niseme pia kwamba dawa hiyo hiyo inapotolewa inavyostahili ndiyo inayookoa watoto wenye malaria kali, ile inayopanda kichwani na kuleta degedege na kupoteza fahamu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010, lililohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, lilionyesha kwamba kwa sindano ya artesuneti, nayo iliyotokana na artemisinini, walifariki asilimia 8.5, na kwa kwinini walifariki asilimia 10.9. Kwinini nayo ilitoka kwenye gome la mti. Mmea mmoja uliupokea mwingine kijiti, na hakuna aliyeona aibu kwamba ni mimea.

Nina kidokezo kwa ndugu wa Kibosho. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura reserpini, kemikali iliyotolewa kwenye mmea wa Rauvolfia, wakazubaa pasipo kusogea; alipowadunga levodopa wakaamka. Hapo ndipo njia ya kuitibu Parkinson ilipoanza kuonekana. Msesewe, mti ambao gome lake huipa mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, uchungu wake, ni wa jamii hiyo hiyo ya Rauvolfia. Sisemi mbege inaleta Parkinson, wazee wa huko wasinitoze faini. Nasema tu kwamba mlango wa kuutibu ugonjwa wa baba yako ulifunguliwa kwa msaada wa mmea.

Mingine haikufika mbali hivyo. Galantamini, inayotokana na maua fulani ya Ulaya, inatumika kupunguza makali ya kusahau kwa wagonjwa wa Alzheimer, ingawa haiponyi. Majani ya ginkgo yalijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000 na hayakuzuia kusahau. Manjano hung'ara ndani ya chupa za maabara, lakini kiini chake hakifyonzwi vizuri tumboni.

---

BintiPwani

Nimekuelewa, hasa hapo kwenye mwenza. Mama nimemsomea kwa sauti. Amesema kichaka hakitang'olewa, kitabaki cha kufukuzia nondo kabatini, na mtoto akishikwa na homa ataanzia kipimo cha zahanati. Hata hivyo swali langu la vidonge kukosekana bado halijajibiwa.

---

MfamasiaWaZamu

Ni kweli, dada, na sina jibu la kukuridhisha. Katika utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako watu zaidi ya 160,000 walifikiwa nyumba kwa nyumba, walipatikana wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao ni upi. Duka la dawa haliweki akiba ya dawa ambayo hakuna anayeiulizia. Ninachoweza kushauri ni kwamba mwana amwombe daktari cheti cha miezi miwili au mitatu, na azungumze na mfamasia mmoja amwagizie mapema, wakati kopo la vidonge bado lina nusu. Unga nao aende nao kliniki, aseme wazi kiasi kilichonywewa.

Na nina swali: mzee humeza vidonge vyake na nini?

---

MwanaWaKibosho

Nawashukuru nyote. Kopo la upupu nimelifunga na nitakwenda nalo kliniki Alhamisi. Kuhusu swali lako, humeza katikati ya mlo, mara nyingi na maziwa mgando, ili tumbo lisimuume.

---

MfamasiaWaZamu

Hapo pana jambo la kurekebisha bila gharama. Protini ya maziwa, nyama au maharage inapomeng'enywa hugombea na levodopa mlango ule ule wa kuingilia kwenye damu na kwenye ubongo, na mara nyingi levodopa ndiyo inayobaki nje. Kama daktari hakuelekeza vinginevyo, ameze kwa maji nusu saa au zaidi kabla ya kula, na tumbo likisumbua atafune kipande kidogo cha mkate mkavu au kiazi. Uangalie kwa siku tatu, uandike saa ya kumeza na saa ya mkono kutulia, na karatasi hiyo umpelekee daktari pamoja na kopo.

---

MwanaWaKibosho

Leo ni siku ya pili. Amemeza kwa maji saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uji umekuja saa moja na robo. Ilipofika saa moja na nusu alikuwa amejifunga vifungo vya shati mwenyewe, vyote isipokuwa kile cha kola. Nimeviandika.