"SI UNGEFUNGA MDOMO TU?" Nimetoka famasi sasa hivi, natetemeka

Wadau, nimekaa kwenye ngazi za duka la simu hapa Wandegeya, Kampala, hata boda nimeshindwa kuita. Ni yule yule wa kaunta. Mnamjua. Yule wa kalamu sikioni, mwenye sauti ya mnada.

Nimempa cheti cha daktari. Kakisoma, kanitazama toka kilemba hadi ndala, halafu mbele ya foleni iliyofika Bwaise: "Mama, sindano ya kupunguza mwili? Si ungefunga mdomo tu?"

Si ungefunga mdomo tu! Mtu wa boda nyuma yangu kacheka mpaka helmeti ikamdondoka. Mtoto wa shule anamuuliza mamake, "Anaufunga na nini?"

Daktari alinipima sukari, presha na figo, akauliza kama kwetu kuna aliyeugua saratani ya tezi ya shingo. Nilikuwa kilo 112. Nikaanza sindano hiyo, semaglutidi, miligramu 0.25 kila Ijumaa kwa wiki 4, ndipo ikapanda 0.5, maana ukirukia dozi kubwa utatapika hadi maziwa uliyonyonya. Dawa yenyewe inaiga homoni inayotoka kwenye utumbo ukishakula: tumbo linamwaga chakula polepole, ubongo unajua umeshiba. Juzi niliacha matoke kwenye sahani kwa sababu nilikuwa sitaki tena. Mimi! Nililia palepale jikoni. Leo mtu ananiambia nifunge mdomo.

Na muda wote anaohubiri, kisanduku changu kishatoka kwenye friji, kakiweka dirishani juani. Nakiona kinatoa jasho, tone linateremka hadi kwenye jina langu. Dawa ya kutunzwa nyuzi 2 hadi 8! Kodi ya nyumba ya miezi miwili inaota jua, yeye yuko kwenye hadithi ya bibi yake aliyelima hadi miaka tisini. Funga mdomo! Mbele ya mtoto!

MzeeWaNamuwongo: Huyo! Aliinua dawa yangu ya bawasiri juu kama kombe, mkwe wangu yumo kwenye foleni.

Kijana_Katwe: Mama, pole, ila punguza rolex, hizo chapati za kuviringishia mayai. Hizo mbili za asubuhi ndizo ugonjwa.

Mwenye uzi: Rolex zangu umezihesabu lini wewe? Nimefunga Ramadhani nzima kila mwaka na mwili haukutikisika. Unene ni ugonjwa, una daktari wake na dawa yake. Na hata ningekula kumi, ndiyo anitangaze? "Si ungefunga mdomo tu", kwa sauti ile!

NesiMstaafu: Dada yangu, dakika kumi haziui dawa, kinachoiharibu ni jua kali na joto la kupita nyuzi 30. Irudishe kwenye friji, isigande tu. Ila usije ukakimbilia za bei rahisi za WhatsApp kwa hasira. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutidi bandia. Kwenye kalamu ya sindano bandia unaweza kukuta insulini, sukari ikashuka ukaanguka.

Kijana_Katwe: Kwa hiyo ukiacha sindano mwili unarudi?

NesiMstaafu: Kwa wengi, sehemu kubwa hurudi. Hata ya presha ukiiacha presha inapanda. Umewahi kumcheka mtu wa presha?

BintiBombo: Nyie mna friji. Kwetu umeme umekatika tangu Jumanne, insulini ya baba iko kwenye chungu ndani ya mchanga wenye maji.

MzeeWaNamuwongo: Jumanne? Sisi tangu Jumapili. Samaki wangu wote wameoza.

Hajati_Kibuli: Afadhali huyo wa kaunta. Fundi wangu wa gomesi, gauni letu la sherehe, alinizungushia futi kiunoni, akamwita mwanafunzi wake: "Lete futi nyingine tuunganishe!" Wateja wamejaa.

BintiBombo: Fundi mwenye ndevu nyekundu? Karibu na Kiyembe?

Hajati_Kibuli: Huyohuyo!

BintiBombo: Yangu ina bega moja juu, jingine limelala. Kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ni Jumamosi!

Mwenye uzi: Jamani, na yule wa kaunta je? Mtoto wa watu bado anauliza mdomo unafungwa na nini!

Hajati_Kibuli: Binti, alikupa risiti? Mimi alisema risiti ni za Wahindi.

MzeeWaNamuwongo: Nani ananunua ndoo mbili za samaki wa kulishia nguruwe? Bei maelewano.