Mwenye kadi ya kijani kajikuta kwenye daftari la wapiga kura Marekani: adhabu ni ipi, na aanzie wapi?

Fundi_Fomu

Wakuu, salaam. Swali kwa wale wanaoshughulika na N-400 (fomu ya kuomba uraia wa Marekani) kila siku. Mtu ana kadi ya kijani (ukaazi wa kudumu, bado si raia), kaenda DMV (ofisi ya leseni za udereva) kuchukua leseni, karani kampa pa kusaini, wiki chache baadaye kadi ya mpiga kura inaingia kwa posta. Nataka kutenganisha hali tatu:

(a) kaandikishwa, hajapiga kura hata siku moja;
(b) kaandikishwa, kapiga kura ya rais;
(c) kapiga kura ya bodi ya shule tu.

Sheria inasema nini kwa kila mmoja, na kabla ya kuomba uraia afanye nini, kwa mpangilio upi? "Amwone wakili" najua, naomba mvuke hapo.

Kifungu_kwa_Kifungu

Mkuu, ukiangalia jela peke yake utadhani jambo hili ni dogo. Kuna kura yenyewe, kuna tamko la uraia, halafu kuna uhamiaji, na kila kimoja kina sheria yake.

Kura: kifungu cha 611, Sura ya 18 ya sheria za shirikisho, kipo tangu 1996. Asiye raia akipiga kura kumchagua rais, seneta au mbunge wa Kongresi, ni faini, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Ubaya wake ni kwamba mwendesha mashtaka hana kazi ya kuthibitisha kuwa mtu alijua anavunja sheria. Akionyesha kwamba ulipiga kura kwa hiari yako na wewe si raia, kamaliza. "Sikujua" inaweza kumlainisha hakimu, kosa halifuti. Pona ya kisheria ni nyembamba mno: wazazi wote wawili wawe raia, uwe ulianza kuishi huku moja kwa moja kabla ya kutimiza miaka 16, na uwe na sababu ya maana ya kuamini kwamba nawe ni raia.

Tamko: hapa ndipo miaka inapopanda. Kifungu cha 1015(f) kinamhusu anayetamka, huku akijua si kweli, kwamba yeye ni raia ili aandikishwe au apige kura, uwe uchaguzi wa taifa, wa jimbo au wa mtaa. Hadi miaka 5. Kuna na kifungu cha 911, kujifanya raia kwa makusudi, hadi miaka 3. Kwa hiyo mtu wako wa (a), ambaye karatasi ya kura hajaigusa, anaweza kukabiliwa na kifungo kirefu kuliko cha kura yenyewe. Kesi nzima inakaa kwenye kisanduku kimoja cha fomu: kiliuliza nini, na nani aliyetia alama.

Majimbo nayo yana yake. Texas ilishusha adhabu ya kura haramu mwaka 2021, ikairudisha juu 2023: sasa ni miaka 2 hadi 20, na faini hadi dola 10,000. Huko huko, Kaunti ya Tarrant, mwanamke mwenye kadi ya kijani alipewa miaka 8 mwaka 2017.

Uhamiaji: hauhitaji hukumu ya mahakama ya jinai. Kupiga kura kinyume cha sheria yoyote, hata ya mji, ni sababu ya kuondoshwa nchini. Kujidai raia ni sababu nyingine inayojitegemea, kwa yeyote aliyefanya hivyo kuanzia 30 Septemba 1996, na kwa anayetafuta ukaazi wa kudumu karibu hakuna msamaha. Tena jinai ya shirikisho ina ukomo wa muda wa kushtaki, kwa kawaida miaka 5. Uhamiaji hauna. Kura ya 2008 imeshapitwa kwa hakimu wa jinai, lakini kwa afisa wa USCIS (idara ya uraia na uhamiaji) ni kama ya jana.

Daftari_la_Kaunti

Mpangilio sasa, maana wengi huanzia mwisho: wanakimbilia kujifuta kwenye daftari, kisha ndiyo wanauliza.

Kwanza asipige kura tena, na asitupe kitu. Kadi, bahasha, risiti ya DMV, vyote viwekwe. Kisha aombe ofisi ya uchaguzi ya kaunti nakala mbili: fomu ya kuandikishwa yenye saini yake (au rekodi iliyotumwa na DMV kwa kompyuta), na historia ya kupiga kura. Historia inaonyesha chaguzi alizoshiriki, haionyeshi alimpa nani kura.

Nakala hizo ndizo wakili anazotakiwa kuzisoma kabla ya barua ya kujiondoa, si baada yake. Fomu za kujiondoa mara nyingi zina sehemu ya sababu, na ukitia saini chini ya "mimi si raia" umeandika ungamo lenye tarehe. Linaweza kukusaidia kama fomu ya awali inaonyesha kisanduku cha uraia kilikuwa kitupu. Linaweza pia kukumaliza. Akishajiondoa, adai barua ya kaunti inayotaja siku alipoingia, siku alipotoka na kura alizopiga au kutopiga. N-400 inafuata hapo.

N-400 inauliza wazi kama uliwahi kujiandikisha au kupiga kura. Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kujibu "hapana" kwa kuwa jina limeshatoka. Rekodi haifutiki, na sasa kuna uongo chini ya kiapo juu ya kosa la kwanza.

Wanajulikanaje? Ukiitwa kwenye juri (jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani) ukajitetea kuwa si raia, katika baadhi ya majimbo jina lako linakwenda kwa watu wa uchaguzi. Pia majimbo hulinganisha madaftari na mfumo wa SAVE wa serikali kuu, unaotumika kuhakiki uraia na hali ya uhamiaji ya mtu.

Na si kila kosa ni la mwombaji. Oregon mwaka 2024 ilikiri kwamba DMV yake ilipeleka kwenye daftari watu zaidi ya 1,200 ambao hawakuonyesha uthibitisho wa uraia. Ndiyo maana nasema pata fomu kwanza.

Jambo dogo la pembeni: kisanduku cha Selective Service (daftari la wanaoweza kuitwa jeshini) si cha kura. Mwanamume wa miaka 18 hadi 25 mwenye kadi ya kijani analazimika kujiandikisha huko. Wapo wanaokiogopa hicho, kisha wanatia alama kile cha uraia!

Fundi_Fomu

Ahsanteni. Na akisema karani ndiye aliyemwambia "endelea tu"?

Kifungu_kwa_Kifungu

Utetezi huo upo, ila mlango wake mdogo. Mahakama ya Rufaa ya Saba, Chicago, iliamua kesi mbili mwaka 2012. Mfilipino aliyedai kuwa alimwonyesha karani pasipoti ya kwao na bado akaandikishwa, kesi yake ilirudishwa isikilizwe upya. Mkenya aliyepiga kura mwaka 2004 alishindwa. Mwaka 2017 mahakama hiyo hiyo ikamkataa mwanamke wa Peru: alitia alama kwamba ni raia, na jibu la karani lilikuwa tu kwamba uamuzi ni wake. Uwe umemwambia ofisa ukweli wote, naye akakuruhusu waziwazi. Ukimya wake hauhesabiki.

Mama_Takoma

La (c) linategemea mji. Takoma Park, Maryland, inawaruhusu wasio raia kwenye kura za mji tangu miaka ya 1990. San Francisco inawaruhusu wazazi kwenye bodi ya shule tangu 2018. Lakini huandikishwi kwa fomu ya kawaida. Ukitumia ile ya jimbo inayosema "mimi ni raia", umeingia kwenye 1015(f) hata kama mji ulikuruhusu.

Na kwa wanaouliza kila mara: kumchagua rais wa Kenya ukiwa huku, kama ilivyowezekana 2022, au wa Kongo, kama 2023, hakugusi kadi yako ya kijani. Mtanzania mtu mzima aliyekwisha kuapa uraia wa Marekani ni mwingine. Nyumbani hakuna uraia pacha, kwa hiyo kichinjio (kadi ya mpiga kura) kilichobaki kabatini hakimpi haki ya kupiga kura huko.