Naomba ushauri: ubao wa mawimbi wa vifuniko vya chupa unajipinda

Habari zenu wadau, salamu kutoka Malindi. Natengeneza ubao mdogo wa kulalia kifudifudi kwenye mawimbi, futi tatu hivi, sio ule mrefu wa kusimamia, na nautaka kabla kusi haijachangamka maana hapo ndio bahari inatupa mawimbi ya maana.

Malighafi naokota ufuoni tu, vifuniko vya chupa, vile vya alama ya 2 (ile namba ndani ya pembetatu inayoonyesha aina ya plastiki), vya alama ya 5 naviweka kando kwa sababu haviyeyuki sawa. Naviosha, naviweka kwenye oveni digrii kama 180 mpaka vilainike kama ugali, alafu nagandamiza na jeki ya gari katikati ya mabati mawili. Rangi zinatoka kali balaa, ila ikipoa kingo zinainuka. Nimejaribu kuiacha kwenye jeki usiku kucha, afadhali kidogo lakini bado.

Tena plastiki yenyewe inaelea kwa shida, so nataka kuongeza tabaka la malapa ya zamani juu yake (wazo nimelitoa kwa Flipflopi, ile dau ya Lamu ya 2018 iliyovikwa malapa). Gundi ya viatu inashika lapa vizuri lakini kwa plastiki inabanduka yote, epoksi pia hivyo hivyo.

Sasa naomba mnisaidie, nipooze vipi isijipinde? Na kuunganisha, kuna gundi inayoshika kweli au nitoboe tu nishone na kamba ya nailoni?