MREJESHO: RTK (upimaji wa setilaiti wa usahihi wa sentimita) kupoteza fiksi kuanzia saa 1 usiku

Wakuu, asanteni kwa michango. Swali lilikuwa: kwa nini risiva (kipokezi cha setilaiti) inashika fiksi (jibu la uhakika la sentimita) asubuhi, lakini giza likiingia inarudi floti (jibu la makadirio tu) wakati setilaiti ziko tele?

Antena na kebo ni nzima. Shida iko kwenye ayonosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme. Jua likizama, ukanda wetu wa ikweta hufanya viputo vya plazma, yaani mapengo yenye chembe chache za umeme ndani ya tabaka hilo. Mawimbi yakipita humo huyumba: C/N0 (nguvu ya mawimbi dhidi ya kelele) ya setilaiti moja inaporomoka ghafla, jirani yake iko sawa, na risiva inapoteza hesabu ya mizunguko ya wimbi, ambayo fiksi inaitegemea. Kati ya masafa mawili ya GPS, L2 (la chini) huumia kuliko L1. Msimu mbaya ni Machi-Aprili na Septemba-Oktoba, hasa jua likiwa limechangamka kama 2024. Mara nyingi hutulia baada ya saa 6 usiku.

Kp (kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia) msiitegemee, viputo hutokea hata siku tulivu.

Kilichosaidia: kuwasha Galileo na BeiDou (setilaiti za Ulaya na China), kusogeza besi (risiva isiyohama inayotuma masahihisho) ndani ya km 5, na kikomo cha nyuzi 15 juu ya upeo wa macho, chini yake setilaiti hazitumiki (ukipandisha hadi 30 jiometria, yaani mtawanyiko wa setilaiti angani, inaharibika bure). Data ghafi irekodiwe kila sekunde 1 kwa ajili ya kuchakata baadaye. Pointi za mipaka zipimwe mchana tu.