Praima ya magari kwenye modeli ya plastiki, inafaa?

Swali: Wakuu, mshono wa tumbo la ndege yangu ya modeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi) bado unaonekana baada ya gundi kukauka. Naweza kupuliza praima (rangi ya msingi) nzito ya kopo, ile ya mafundi rangi wa magari?

Jibu: Inategemea kopo. Thina yake ni kali. Ukiimwaga nyingi kwa mpigo, plastiki inalainika na uso unajikunja. Jaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki baada ya kukata vipande. Puliza nyepesi, ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 25.

Jibu: Kwa 1/72 mimi nasema achana nayo, itafukia mistari ya paneli, ile iliyochongwa kwenye mwili wa ndege. Chukua Mr. Surfacer 500 ya chupa, praima nzito ya modeli, paka kwa brashi kwenye mshono tu. Iache usiku kucha: inasinyaa ikikauka, ukiisugua mapema mfereji unarudi. Msasa wa maji namba 600, kisha 1000. Halafu puliza Mr. Surfacer 1200, ambayo ni laini zaidi, kukagua. Kijivu chake kinaumbua kila mkwaruzo.

Jibu: Penye rivati (vichwa vidogo vya misumari kwenye mwili wa ndege) usitumie msasa. Futa Mr. Surfacer iliyozidi kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili. Na pengo likiingiza kucha, hilo ni la puti (kijazio kizito cha kuzibia), si la praima.