MJADALA: Vijana wa kanisa waingie majumbani kututolea tope, au wakabidhi misaada kwa sheha warudi zao?

Mtoa mada
Assalaam alaykum, na kwa wenzetu Wakristo, habari zenu. Naleta jambo ambalo barazani kwetu limeshawafanya wazee wawili wanywe kahawa wakiwa wamepeana migongo.

Mtaa wetu uko Ng'ambo ya mji wa Zanzibar, kwenye bonde, si mbali na Jang'ombe. Masika yakikaza, maji huingia kwa mlango wa mbele na mengine hupanda kutoka chooni. Safari hii yalipopungua likabaki lile tope jeusi lililochanganyika na uchafu wa makaro. Wakaja vijana wa kanisa moja la hapa mjini, wake kwa waume, na mabeleshi, ndoo, magari ya mkono na viatu vya mvua. Wamevaa fulana zenye jina la kanisa na msalaba mgongoni. Walitoa tope majumbani, na wakatoa pia kwenye chuo wanachosomea Kuran watoto wetu. Siku ya pili baadhi ya wazee wakamwendea sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia yetu: misaada ya kanisa ipokelewe ofisini kwake na igaiwe na kamati ya shehia, vijana wenyewe wasiingie tena mtaani. Sheha kasema atasikiliza watu kwanza.

Mimi nasema waingie. Mchele unaweza kukaa ofisini kwa sheha ukangoja kikao, lakini tope likikauka ndani ya nyumba huling'oi tena kwa ndoo, unalitindua. Anayepinga aje na hoja, matusi ayaache nyumbani.

Maalim wa chuo
Wa alaykumu salaam. Mimi ni katika hao waliokwenda kwa sheha, kwa hiyo usinisemee, nasema mwenyewe.

Hatukwenda kwa chuki. Suratul Mumtahana aya ya 8 haitukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini yetu. Hapo hatuna ugomvi. Langu ni jengine. Msaada wa dini katika kisiwa hiki una historia yake. Miaka ya 1870 pale Mbweni wamisionari wa Kiingereza waliwaweka watumwa waliokombolewa kutoka kwenye majahazi. Wakawapa mahali pa kuishi, kazi, skuli na ubatizo, vyote kwa mkono mmoja. Sisemi walikosea kuwahifadhi, maana nani mwengine alikuwa akiwataka? Nasema mtu aliyepoteza kila kitu hana nguvu ya kusema hapana. Godoro limerowa, watoto wamelala kwa jirani, anakuja mtu na beleshi anakwambia tuombe kwanza. Utainamisha kichwa. Hapo hukuridhia, umelemewa.

Na siku ile waliomba, kwa sauti, mbele ya nyumba za watu. Nimesikia kwa masikio yangu. Msaada ukipita kwa sheha, mwenye shida anapokea haki yake kama raia wa shehia, hana deni la uso kwa mtu.

Kijana wa kwaya
Maalim, shikamoo. Mimi nilikuwemo siku ile.

Tuliomba kweli. Tulisimama barabarani, sisi kwa sisi, kabla ya kushika kazi, kama nyinyi mnavyoanza na Bismillahi. Hatukumwita mwenye nyumba yeyote. Lakini kama imekera, hilo dogo, tutaomba kanisani kabla ya kupanda gari.

Kinachoniuma ni neno "wageni" lililosemwa barazani. Mimi nimezaliwa Mwembeladu kama nyinyi. Shangazi yangu alikaa Sebleni miaka ile bwawa likijaa mpaka madirishani, kabla ya mitaro mikubwa ya mradi wa Benki ya Dunia. Aliyembeba bibi yetu mgongoni kumtoa majini alikuwa jirani Muislamu, na hakuna aliyemuuliza kwanza kama ana kibali cha sheha.

Mtoto wa Kikwajuni
Mimi nina suala moja tu. Msalaba Mwekundu wakija na vizibao vyao, mbona hakuna anayekimbilia kwa sheha? Au ule msalaba ni wa mapambo?

Maalim wa chuo
Msalaba Mwekundu hawana ibada ya kunialika Jumapili. Usichanganye mambo.

Mtoto wa Kikwajuni
Haya Maalim, nimenyamaza. Kidogo.

Mama wa bondeni
Nyote mnaozungumza hapa ni wanaume na hamna hata mmoja aliyesema nyumba yake iliingia maji. Yangu iliingia. Kwa hiyo nisikilizeni.

Maji yalifika juu ya kitanda. Wakati yanapanda niliwatoa watoto na mama yangu, sikuwahi kitu chengine. Niliporudi, kabati lilikuwa limeanguka kifudifudi na kila kitu kimo ndani: nguo, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, cheti changu cha ndoa, na msahafu wa marehemu baba. Mlango wa kabati ulikuwa umefura, haufunguki. Vijana wawili wakalinyanyua, wakaubandua mlango kwa bisibisi. Yule mmoja alipouona msahafu akarudisha mkono wake nyuma. Akaniambia, "Mama, njoo ukitoe hiki mwenyewe, sisi tutasubiri nje." Wakatoka wote wawili, wakasimama kizingitini mpaka nilipomaliza. Nimeuweka juani karatasi kwa karatasi, na nyingi zimepona.

Sasa Maalim, kwa heshima zote, wewe ni mwalimu wa wanangu. Siku ile nilipokuwa nikichota tope kwa sufuria, kamati ya shehia ilikuwa wapi? Walikuja siku ya tatu na daftari. Wakaandika jina langu, idadi ya watu nyumbani na namba ya kitambulisho. Wakaondoka na viatu vyao visafi.

Lakini na nyie wa kanisa nina maneno yangu. Mlileta wanaume wengi. Ndani mwangu mna mabinti, nguo zao za ndani zilikuwa zimetapakaa sakafuni kwenye tope. Ilibidi niwazuie mlangoni kwanza nizikusanye. Akina dada mliokuja nao mliwaweka jikoni kwenye mkusanyiko wa chakula. Kwa nini? Hao ndio wangeingia vyumbani, wanaume wangebaki ukumbini na uani. Hili si la Uislamu wala Ukristo. Ni stara ya nyumba.

Kijana wa kwaya
Mama, umesema kweli na sina la kujitetea. Nitalifikisha kwa viongozi wetu.

Msomaji wa Chake
Nachangia kutoka Pemba. Niliwahi kukaa kwenye kamati ya maafa ya shehia kwetu, kwa hiyo naomba niitetee kidogo ingawa Mama kaivua nguo.

Tangu sheria ya 2015 iliyoanzisha Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, shughuli hizi zina mpangilio, na daftari hilo lina maana yake. Bila ya daftari, nyumba ya barabarani inapata magodoro matatu na ya uchochoroni haipati hata ndoo. Wanaotoka nje ya mtaa, wa kanisa, wa msikiti, wa benki, wa chama, wote husimama pale gari inapofika. Gari haifiki uchochoroni. Nimeona mtu mmoja anauza mablanketi ya msaada mwezi mmoja baadaye na jirani yake anajifunika kanga.

Kwa hiyo vitu vipite kwa sheha. Chakula, magodoro, fedha, klorini. Nguvu za mikono zisipite kwa sheha, maana huwezi kuzitia kwenye stoo. Hapo ndipo wazee wenu walipochanganya. Sheha aambiwe tu nani wanakuja, wangapi, na wanaanzia nyumba gani. Halafu awape mtu wa mtaa wa kuwaongoza, anayejua wapi kuna mgonjwa, wapi kuna eda, wapi kuna mzee peke yake.

Na jamani, huyo anayeongoza ahakikishe umeme umezimwa kwenye meni swichi kabla ya mtu kukanyaga maji ndani. Ukuta uliorowa hauchagui dini.

Fundi wa mitaro
Mnabishana nani achote tope, hamuulizi limetoka wapi. Bonde lile lilikuwa njia ya maji. Watu wamejenga, viwanja vimegaiwa, mitaro imejaa mifuko na chupa. Kule Fuoni, Kibondemzungu, kila masika kizito barabara inageuka mto na watu wanashangaa upya. Mwakani mtarudi hapa hapa na fulana hizo hizo.

Mtoa mada
Fundi, hilo ni kweli na ni zito, lakini lifungulie mada yake. Ukiliingiza hapa, kila mtu atakubaliana na wewe na tope litabaki pale pale.

Mtoto wa Kikwajuni
Narudi, na safari hii sitanii. Picha mmeziona? Zimezunguka kwenye simu tangu jana. Mama mmoja wa mtaani amesimama mlangoni, buibui limerowa mpaka magotini, nyuma yake vijana wanacheka na vidole viwili juu. Chini imeandikwa kwamba kanisa limeifikia jamii iliyosahauliwa. Huyo mama ana watoto wanaosoma skuli. Na nani aliyesahauliwa? Sisi tuko Ng'ambo, tunawaona kila siku wakipita.

Maalim wa chuo
Ndiyo hilo nililokuwa nikilizunguka. Sadaka huharibiwa na masimbulizi, tumeambiwa katika Suratul Baqara. Na nyie kitabu chenu kinasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Sasa mkono wa kushoto umeshika simu.

Mtoa mada
Hapa nakiri Maalim kapiga penyewe, na nadhani tumeshafika kwenye kiini cha mambo.

Nilipoanzisha mada nilitarajia tutagombana juu ya msalaba. Lakini someni tena. Mama hakusema chochote juu ya msalaba. Alisema nguo za mabinti zake. Kikwajuni alileta utani wa kizibao, kilichomchoma hasa ni picha. Hata Maalim, ukiitoa ile historia ya Mbweni, analolilia ni kwamba mtu mwenye shida asitumiwe kuonyeshea wema wa mwengine. Na hilo, tuseme kweli, wanalifanya wengi. Mheshimiwa akija na katoni za maji kwenye mafuriko huja na kamera mbili. Jumuiya zetu za misikiti nazo zikigaa futari, bango la mfadhili hutangulia na tende hufuata. Hatujawahi kumwendea sheha kwa hayo. Tumewasubiri Wakristo wafanye ndipo tukaona ubaya wake.

Kwa hiyo sibadilishi msimamo: waingie. Lakini simu zikae mfukoni.

Kijana wa kwaya
Ile picha nimeiona na imenitia haya. Nimeshaomba ifutwe, ingawa iliyokwishasambaa haina dawa.

Lakini niwaeleze upande wa pili, maana si kila picha ni majivuno. Viatu vile vya mvua, klorini na mabeleshi vilinunuliwa kwa michango ya waumini, na wengine wako Dar es Salaam na Moshi. Wanauliza fedha imefanya nini. Bila ya kuwaonyesha, mwakani hatupati hata ndoo. Mnataka tuwaonyeshe nini?

Msomaji wa Chake
Piga mtaro kabla na baada. Piga lundo la tope barabarani. Piga risiti, na barua ya sheha yenye muhuri. Mfadhili asiyetosheka mpaka aone uso wa mama wa watu, huyo fedha yake ina masharti, na mjiulize kama mnaitaka.

Maalim wa chuo
Sawa. Na fulana?

Mtoto wa Kikwajuni
Wavue. Wavae nguo za kazi kama watu wengine.

Mama wa bondeni
Wavue kwa nini? Nataka nijue nani kaingia ndani kwangu. Leo wakija na nguo za kawaida, kesho mtasema wamejificha, wamekuja kwa siri kubatiza watoto. Wanaume wa barazani hamna jema. Wabaki na fulana zao, nikiibiwa nijue pa kwenda kuuliza, na nikitaka kushukuru nijue pia.

Maalim wa chuo
Bibi, hapo umenifunga. Mimi ndiye niliyekuwa nataka wavue, lakini kusema kweli huyo aliyejificha ndiye ningemuogopa zaidi. Basi waje na fulana. Wasiombe kwa sauti mbele ya nyumba za watu, wasigawe karatasi wala kitabu, na wasizungumze dini na mtoto yeyote mzazi wake hayupo. Hilo la watoto silegezi.

Kijana wa kwaya
Hilo la watoto na sisi ni sheria yetu, Maalim. Karatasi hatukuja nazo, lakini nitalisema tena kwa wenzangu.

Mtoto wa Kikwajuni
Na vijana wa chuo chako Maalim? Maana wale wa kanisa walitoa tope chuoni kwenu, nyie hamkuwepo hata wawili. Mimi pia sikuwepo, kabla hamjanirukia.

Maalim wa chuo
Wakubwa watakuja. Nitawaleta mwenyewe.

Msomaji wa Chake
Mkimaliza sakafu msisahau visima. Hayo ndiyo yaliyonitia hofu nilipoisoma mada hii tangu mwanzo, na hakuna aliyeyagusa. Makaro yamefurika, maji yamekaa juu ya visima. Kipindupindu cha 2015 na 2016 hatujakisahau. Kisima kitolewe maji machafu, kitiwe klorini kwa kipimo cha watu wa afya, kisitumiwe mpaka waseme. Mpaka hapo watu wachemshe maji ya kunywa, hata yale yanayoonekana meupe.

Mama wa bondeni
Cha uani kwetu bado kina harufu. Tunachota cha jirani.

Kijana wa kwaya
Klorini tunayo ndoo mbili, haijafunguliwa. Iko kwetu kwa sababu wazee walisema tusirudi. Nimpelekee sheha leo jioni?

Mtoa mada
Mpelekee, na akusainie. Mtu wa afya wa shehia namba yake ninayo, nampigia sasa hivi aje apime. Maalim, kama una nafasi, mfuatane naye ofisini. Sheha akiwaona nyie wawili mmeingia pamoja hatakuwa na haja ya kuitisha kikao.

Maalim wa chuo
Baada ya alasiri. Anikute msikitini, nje, upande wa bomba.