Mtoto anaingia L1 Kasapa: tupeane uzoefu kuhusu pombe ya majuma ya kwanza

Mfungua uzi
Bamama na bapapa wa Lubumbashi, Exam d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, imekwisha, poda ya kusherehekea imemwagwa vichwani, na muda si mrefu watoto watapanda Kasapa, kampasi ya chuo kikuu chetu, kuanza L1 (mwaka wa kwanza), na godoro begani. Uzi huu ni wa jambo moja: pombe katika majuma ya kwanza ya chuo, na mzazi afanye nini. Wenye kuijua kazi hii waandike vipimo, hatua, na mahali mambo yanapoharibikia. Visa vya mtoto wa jirani tuviache, na nganda (baa) yoyote isitajwe kwa jina.

Muuguzi wa zamu ya usiku
Naanza na chupa, maana wazazi wengi wakisikia "bia mbili" wanatulia. Chupa yetu kubwa ya sentilita 72 yenye 5% ina gramu 28 hivi za alkoholi. Kipimo kimoja kinachotumiwa na OMS, Shirika la Afya Duniani, ni gramu 10, kwa hiyo chupa moja ni karibu vipimo vitatu. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia pombe, NIAAA, inahesabu kuwa ni kunywa kwa pupa mwanamke akifikisha gramu 56, na mwanaume gramu 70, ndani ya saa mbili hivi. Pigeni hesabu: ni chupa mbili kwa binti, mbili na nusu kwa kijana. Hizo "mbili tu" ndizo zenyewe.

Ini nalo halina haraka. Linasafisha gramu 8 hadi 10 kwa saa, halisukumwi na kahawa wala maji baridi. Aliyekunywa chupa tatu ana gramu 85, atazibeba kwa saa nane na nusu hadi kumi na nusu tangu alipoanza. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kulala, kuoga, kupiga mswaki, akaingia auditoire (ukumbi wa masomo) bado ana pombe damuni.

Vichupa vya plastiki vya pombe kali ni hatari kuliko bia kwa sababu vinaingia mfukoni na bei yake ni ndogo. Sentilita 20 za 40% ni gramu 63, zaidi ya bia kubwa mbili, na zinamezwa kwa dakika kumi. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, ndiyo mbaya zaidi, kwani hakuna anayejua nguvu yake: pipa la leo si pipa la kesho. Ikiwa imechanganywa na methanoli, alkoholi yenye sumu, mlevi anaweza kuamka akidhani ni mang'amung'amu ya kawaida, kisha saa 12 hadi 24 baadaye macho yanaona ukungu, tumbo linauma, anapumua kwa kasi. Huyo hospitali mara moja, hata kama harufu imekwisha mdomoni.

Munkoyo, kinywaji chetu cha kuchachusha, ya siku hiyo hiyo haina neno. Iliyokaa siku kadhaa kwenye joto ni jambo lingine.

Mshauri wa wanafunzi
Utafiti wa Marekani unaonyesha kwamba majuma sita ya mwanzo ndiyo yenye hatari kubwa kwa mwanafunzi mpya. Huku kwetu sababu zinaonekana wazi: bleu (mwanafunzi mpya) hana rafiki bado, anatafuta kundi, mapoli (wanafunzi wa zamani) wanamwita terasi, yaani baa, "kumkaribisha", masomo hayajashika kasi, na pesa ya muhula mzima iko kwenye simu. Interro (jaribio la darasani) ya kwanza ikifika, tabia imekwisha jengeka.

Ndiyo maana mazungumzo yafanyike kabla hajaondoka, si baada ya tetesi kufika nyumbani. Rob Turrisi wa chuo cha Penn State aliandaa daftari la wazazi, wakalitumia kuongea na watoto wao katika likizo ya kabla ya chuo, na watoto hao walikunywa kidogo kuliko wale ambao wazazi wao hawakupewa kitu. Si uchawi, tofauti ni ya kiasi, lakini ipo, na inagharimu mazungumzo tu.

Namna ya kuyafanya: yagawe mara tatu, dakika ishirini kila mara, mkiwa mnafanya kitu kingine, kama kutwanga sombe (kisamvu) au kupanga nguo. Usimkalishe sebuleni mbele ya wajomba. Mara ya kwanza uliza tu: "Unafikiri ba-bleu wanakunywa kiasi gani?" Karibu wote hutaja namba kubwa kuliko ukweli, na anayeamini kila mtu analewa hulewa ili asiachwe nyuma. Mara ya pili mpe vipimo vya muuguzi hapo juu, kwa chupa mkononi. Mara ya tatu mfanye mazoezi ya kukataa, kwa sauti, maneno yenyewe: "Niletee sukre (soda), niko na TP (kazi ya vitendo) kesho." "Niko kwenye dawa." "Nimetosha." Asiingie katika maelezo, maana anayejieleza hubishiwa. Na akae na chupa ya sukre mkononi wakati wote. Wanaokirimu huangalia mkono mtupu.

Hiyo ya dawa si uongo wa bure pia. Dawa ya Flagyl inauzwa kila kona kwa ajili ya amiba, na karatasi yake inakataza pombe mpaka siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Paracetamol nyingi juu ya pombe inachosha ini.

Papa wa Katuba
Mimi naona dawa ni kumfundisha kunywa nyumbani, glasi moja Jumapili mbele ya baba. Akifika huko hatashangaa.

Mshauri wa wanafunzi
Papa, heshima kwako, wazo hilo linapendwa sana lakini matokeo yanalikataa. Katika tafiti za Turrisi na wenzake, waliopewa ruhusa nyumbani walikunywa zaidi chuoni. Mtoto hajifunzi "glasi moja". Anajifunza kwamba baba amekubali. Namba anaipanga mwenyewe akiwa mbali. Na kwa aliye chini ya 18, sheria yetu ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 bado inamhesabu mtoto, na wengi wanaingia L1 na miaka 17.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Familia za kanisa husema "sisi hatunywi", basi, mazungumzo yamekwisha. Mtoto anaondoka hajui chupa ina nini, hajui dalili za hatari, na akiteleza mara moja hawezi kupiga simu nyumbani kwa aibu. Msimamo wa "hatunywi" ubaki. Ongezeni juu yake maarifa na mlango wa kurudi.

Mama wa Kampemba
Niongee pesa, maana hapo ndipo mzazi ana mkono.

Nyumba mlipe bailleur (mwenye nyumba) moja kwa moja, frais académiques (ada) zipite benki kwa jina la mtoto, na bordereau (risiti ya benki) upigwe picha. Chakula kitumwe kikiwa chakula: mfuko wa unga wa bukari (ugali), mafuta, fretins (dagaa), maharagwe, chumvi, sabuni. Kinachobaki, yaani usafiri, fotokopi na megabaiti, kigawe kwa juma na ukitume Jumatatu asubuhi. Anayetuma Ijumaa jioni anafadhili terasi bila kujua.

Lakini msikaze mpaka mtoto akose chakula. Mwenye njaa ndiye wa kwanza kukubali bia ya bure, na tumbo tupu linapitisha pombe upesi. Tena pombe inazuia ini kutoa sukari, kwa hiyo aliyeshinda bila kula anaweza kuanguka kwa sukari kushuka huku watu wanacheka kwamba amelewa. Bukari kabla ya kutoka, si baada ya kurudi.

Mabinti waambiwe waziwazi, bila kuzungukazunguka: bia inayonunuliwa na mtu usiyemjua ina bei, glasi iliyoachwa mezani haiguswi tena, na wanaotoka wawili wanarudi wawili. Mwili wa mwanamke una maji kidogo kuliko wa mwanaume wa uzito ule ule, kwa hiyo chupa ile ile inampanda zaidi. Vijana nao waambiwe kwamba msichana aliyelewa hawezi kukubali kitu. Wazazi wa wavulana hulisahau hili kila mwaka, na inanikera.

Mama L1 wa Ruashi
Asanti sana mukubwa. Sasa mutoto mwenye hapana ku home (bweni), iko ana-loje (anapanga) mu kartie (mtaa) na benzake, tunamufwata namna gani?

Mama wa Kampemba
Nenda naye siku ya kuhamia, uione njia usiku ikoje na depo ya pombe iko umbali gani. Salimia bailleur, umwachie namba. Mpe mtoto siku mbili za simu zisizobadilika, mimi napendelea Jumapili jioni na Jumatano. Uliza yenye jibu: juma hili mmefundishwa na nani, umekula na nani, CP (kiongozi wa darasa) wenu ni nani. "Unaendelea vizuri?" italeta "ndiyo" tu. Usimfanye CP mpelelezi wako. Mtoto akigundua, hutapata habari tena kutoka kwake wala kwa CP.

Dalili za kushika: simu inazimwa Ijumaa hadi Jumapili mara kwa mara, pesa ya juma inaisha Jumatano, laptop "imekopeshwa", interro za Jumatatu zinakosekana. Moja peke yake si kitu. Tatu kwa pamoja, panda taxi-bus uende ukamwone, mchana, na chakula mkononi.

Mwenzenu wa Bukavu
Huku kwetu mambo ni yale yale, ila weka kasiksi na kanyanga, pombe za kienyeji za huku, mahali pa lutuku. Kasiksi ya ndizi inanyweka kama juisi na ndipo inapowakamata wageni. Nauliza kuhusu ubatizo wa ba-bleu, yaani mapoli kuwachezesha wapya: bleu akilazimishwa kumaliza chupa kwa pumzi moja, afanye nini?

Muuguzi wa zamu ya usiku
Aondoke, akiweza, na mwenzake. Akishindwa, ajaze mdomo kidogo na kutema gizani. Si ustaarabu ila ni salama. Chupa ya pumzi moja inafika damuni ikiwa nzima, na kiwango kinaendelea kupanda baada ya mtu kuacha kunywa, hata akiwa amelala. Hapo ndipo watu hufa: wenzake wanamfunika, wanasema "atalala itatoka", na wanaondoka.

Hatua ambazo kila bleu azijue kwa moyo, na mzazi azifanye naye sakafuni kwa mazoezi:

Mwite, mfinye sikio. Haamki? Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele limzuie kubiringika, mkono chini ya shavu, mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke nje. Mgongoni kamwe. Hesabu pumzi kwa dakika nzima: chini ya nane, au mapumziko ya zaidi ya sekunde kumi kati ya pumzi na pumzi, ni hospitali sasa hivi. Vilevile midomo ya rangi ya bluu au majivu, ngozi baridi yenye jasho, degedege, au kutapika bila kuamka. Mfunikeni kwa kitenge au blanketi, mmoja asiondoke pembeni yake.

Msimpe kahawa, limau, maziwa, mawese wala maji ya chumvi. Asiyeamka hamezi, vinaingia mapafuni. Msimtapishe kwa kidole. Msimmwagie maji baridi, mwili wake tayari unapoteza joto. Msimbebe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, kichwa kikining'inia njia ya hewa inafungwa. Tafuteni taxi, alale ubavu kwenye kiti cha nyuma. Bebeni chupa aliyoinywea, muwaonyeshe hospitalini, Sendwe au Cliniques Universitaires, popote palipo karibu.

Mshauri wa wanafunzi
Na hawatapiga simu kama wanaogopa kipigo. Semeni kabla, baba na mama kwa sauti moja: "Ukipiga usiku, kwanza tunakuja. Maneno ni kesho." Kisha mtimize. Mzazi anayeanza kufoka kwenye simu ile ya kwanza hatapigiwa ya pili. Namba mbili ziandikwe kwa kalamu nyuma ya carte d'étudiant (kitambulisho cha mwanafunzi), maana simu yenyewe huwa imezima au imeibwa.

Papa wa Katuba
Nimesoma. Na yule ambaye amekwisha zoea, anakunywa kila siku? Nimfungie ndani mpaka aache?

Muuguzi wa zamu ya usiku
Hapana, papa. Anayekunywa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kuanza kutetemeka baada ya saa 6 hadi 24, kisha degedege, na akiwa amefungiwa peke yake anaweza kufa. Mpeleke kwa daktari kwanza, umwambie ukweli wa kiasi: chupa ngapi, za nini, tangu lini, ya mwisho aliinywa saa ngapi. Daktari ataamua kama anahitaji dawa za siku chache na vitamini B1. Nyumbani alale chumba kimoja na mtu mzima, ale, anywe maji. Akianza kuona vitu ambavyo havipo au kuchanganyikiwa, mrudisheni hospitali usiku ule ule.